Maswali Arobaini ya Mwalimu Isipokuwa

Hosteli ya Wauguzi, chumba namba 6
9 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua, maana nikivua nitalala na barua itabaki kichwani kama zilivyobaki nyingine tatu. Shangazi naye mpe shikamoo yake.

Nina ombi linalonitia haya, kwa hiyo nitalisema haraka kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Tarehe ishirini Juni naingia tena kwenye mtihani wa kozi, ile ile ya mwaka mmoja ya kuwasaidia madaktari wanapopasua macho. Kazi yenyewe naijua. Huu ni mwaka wangu wa sita katika wodi ya macho, na daktari mkuu akinyoosha mkono haniambii anataka kifaa gani, namwekea tu. Lakini kozi ina mlango, mlango una bawabu, na bawabu huyo ni mtihani wa Kiingereza. Mwaka jana nilipungukiwa alama tatu. Kusoma nilipita, insha nilipita. Nikaja kuangushwa na viunganishi pamoja na yale maneno yako ya kumtoa mmoja kwenye kundi: "unless", "except", "although" na ukoo wao mzima.

Hali ya wiki ile unaijua, ndiyo wiki tuliyompoteza Mama. Sitaki kuirudia.

Wanaruhusu mara mbili tu, Baba. Nikianguka safari hii, basi, nitafunga bendeji mpaka nistaafu. Na wenzangu hapa wakijua kuwa baba yangu ndiye Mwalimu Isipokuwa, halafu nimeshindwa na "isipokuwa" kwa Kiingereza, watanicheka mpaka nihame hosteli.

Unayo bado ile karatasi yako ya maswali arobaini? Nitumie. Nitaijibu, nitakurudishia, nawe unisahihishie kwa wino mwekundu kama unavyomsahihishia mtoto wa mtu. Usinionee huruma.

Nakukumbuka, hasa jioni, watu wanapofunga madirisha.

Mwanao

*

Nyumbani
20 Februari

Mama,

Marahaba, mara tatu, moja kwa kila barua uliyoiacha kichwani.

Haya ya nini? Bibi yako, ambaye jina lake umelichukua wewe na kunilazimisha mimi kumwita mtoto wangu mama, hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Wewe umepungukiwa alama tatu tu. Ni kama mtu aliyefika mlangoni akakosa ufunguo, na ufunguo ninao.

Karatasi ninayo. Miaka thelathini na mmoja nimeitoa kila muhula wa pili, maswali arobaini yale yale kwa mpangilio ule ule, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia mwenzake wa chini majibu, kwa sababu kila aliyefaulu alitaka wengine nao wateseke. Majibu yake nayajua kama ninavyoyajua meno yangu. Tena zaidi, maana meno yamepungua.

Nina masharti mawili. Kwanza, majibu yaandike pembeni kwa kalamu ya wino mzito, A, B, C au D, makubwa kama herufi za bango la duka. Nimechoka na watu wanaoandika kama sisimizi wanahama. Pili, barua zako zijaze habari za wodini. Shangazi yako anapenda kunisomea kwa sauti tukikaa barazani. Anasema asipopata cha kusoma, sauti yake itashika kutu. Mimi namwachia, nisije nikamnyima raha yake.

Ukiona mwandiko wangu umekuwa mkubwa na unapanda mlima, laumu kalamu.

Sasa sikiliza jambo moja, halafu hatutalirudia. Mwaka jana mimi ndiye niliyekutumia telegramu ya mama yako katikati ya wiki ya mtihani. Kila siku najiuliza kama ningeweza kungoja siku mbili. Nilikuangusha mimi, mwanangu, si "unless". Kwa hiyo mwaka huu nimekula kiapo: hakuna habari mbaya itakayotoka nyumba hii kabla ya tarehe ishirini Juni. Hata paa likiruka, utasikia tarehe ishirini na moja.

Jibu maswali.

Baba yako,
Mwalimu Isipokuwa

*

Hosteli ya Wauguzi
7 Machi

Baba,

Shikamoo. Naambatanisha majibu. Nimeyaandika makubwa mpaka mwenzangu wa chumbani ameuliza kama tunafungua duka.

Umetaka habari za wodini. Juzi tulimfungua bendeji mzee mmoja fundi viatu, aliyekaa miaka minne akiona ukungu tu. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na kanga mpya. Mzee akamtazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Mama wa watu hakukasirika. Akamjibu, "Ngoja wakuletee kioo." Wodi nzima ilicheka, na yule mzee akacheka huku analia, ikabidi tumkataze kulia kwa ajili ya jicho.

Wanaotuumiza ni wale wanaochelewa. Anakuja mtu anaongozwa na mjukuu, ukimuuliza kwa nini hakuja mapema, anasema alidhani ni uzee. Wengine wanasema hawakutaka kuwasumbua watoto. Daktari wetu akisikia hilo la watoto, anatoka nje kwanza.

Niambie nimepata ngapi. Usiponiambia sitalala.

Mwanao

*

Nyumbani
18 Machi

Mama,

Ishirini na nne juu ya arobaini. Si aibu, lakini si sherehe.

Kosa lako ni moja na linajirudia, unakimbia. Unaliona neno la kwanza unadhani umeshaijua sentensi yote. Ulipokuwa mdogo ulikula hivyo hivyo. "Unless" ni mlango uliofungwa. Jiulize ni kitu gani pekee kitakachoufungua. Mfano: shangazi yako hatanyamaza "unless" amelala. "Although" ni mtu mkaidi: ijapokuwa amelala, bado anaongea. Na "except" ni mimi darasani: wote mmekaa vizuri, isipokuwa wewe wa dirishani. Hapo ndipo walipolipata hilo jina, na mpaka leo nikipita njiani watu wazima wenye ndevu wananiita hivyo.

Habari ya fundi viatu imetuchekesha sana. Ile ya waliochelewa haikutuchekesha.

Rudia. Soma mpaka nukta, ndipo uchague.

Baba yako

*

Hosteli ya Wauguzi
10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma mpaka nukta, kama ulivyosema. Nimekaa nayo siku mbili, nikimaliza kugawa dawa nafungua karatasi, nikimaliza kubadilisha mashuka nafungua tena. Naambatanisha arobaini nyingine. Safari hii nina uhakika, na sijawahi kukuambia hivyo maishani.

Mtihani umebaki wiki kumi. Mwambie Shangazi asome mstari huu taratibu: nawapenda.

Mwanao

*

Nyumbani
22 Aprili

Mama,

Kumi na moja.

Nimerudia kuhesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea. Kumi na moja juu ya arobaini. Namba mbili, ambayo mara ya kwanza uliipata, sasa umeikosa. Namba tano ni "although" tangu hujaota meno, wewe umeweka A. Kuanzia ishirini mpaka ishirini na tisa hakuna hata moja iliyosimama.

Jana nilianza kukuandikia barua kali. Shangazi yako akaninyang'anya kalamu, akasema mtoto amechoka, mwache. Nadhani amesema kweli. Unafanya kazi zamu mbili, unakula chakula cha hosteli, na unambeba mama yako moyoni peke yako huko. Mimi angalau nina mtu wa kugombana naye.

Pumzika siku nne usiguse karatasi. Kisha anza upya na maswali kumi tu. Sijakata tamaa, na wewe usikate. Nimewahi kufundisha watu waliokuwa wagumu kuliko wewe, mmoja wao leo ana duka lake la dawa hapa mtaani na mabango yake yote ya Kiingereza yako sawa.

Samahani kwa wino mwekundu. Uliniambia nisikuonee huruma, lakini safari hii iliniuma.

Baba yako

*

Hosteli ya Wauguzi
2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekuandikia kwa jina lako mwenyewe ili uifungue ukiwa peke yako. Usimsomee Baba.

Nilimtumia Baba maswali arobaini kutoka kitabu kipya cha mazoezi cha mwenzangu. Niliyanakili kwa mkono, moja baada ya jingine. Hayafanani na yale ya zamani hata kidogo. Nyuma ya kitabu kuna majibu, na nilipojisahihisha mwenyewe nilipata thelathini na kitu. Baba amenipa kumi na moja.

Nilidhani amekosea. Kisha nikaiweka karatasi yake ya zamani pembeni ya hii mpya, nikafuata alama zake nyekundu kwa kidole. Shangazi, amesahihisha maswali mapya kwa majibu ya zamani, namba kwa namba, kutoka ya kwanza mpaka ya arobaini. Hajasoma hata swali moja. Ameona zile herufi kubwa za pembeni tu.

Niliketi sakafuni. Kila siku nashika vichwa vya wazee wa watu, nawachunguza macho, halafu baba yangu mwenyewe anaandika barua zinazopanda mlima nami nasoma nacheka.

Naomba unijibu kama ningekuwa mbele yako. Je, anajigonga pembeni? Akimimina chai, inaingia kikombeni? Mtu akija kwa upande, anamwona? Anaona duara la rangi kuzunguka taa? Kuna ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho, huo unaweza kungoja, tunautoa na mtu anaona tena. Lakini kuna presha ya jicho, na hiyo haingoji. Inakula kuanzia pembeni, pole pole, bila maumivu, na ilichokula hakirudi. Lazima nijue ni ipi.

Usimwonee haya kaka yako. Niambie.

Mtoto wako

*

Nyumbani
9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mwandishi, kaka yangu ndiye aliyesoma, mimi niliishia kujua kusoma ili nisidanganywe. Lakini leo nitaandika mpaka mkono ufe ganzi.

Aliniapisha. Alinishika mkono, akasema nikikuambia kabla ya mtihani atahama nyumba. Nikamwambia atahama vipi na mlango wenyewe haoni. Akacheka, na mimi nikaapa. Mungu anisamehe, leo nakitengua kiapo.

Chai anamimina kwa kuning'iniza kidole ndani ya kikombe, akisikia moto anaacha. Kidole chake kimekuwa chekundu. Bega lake la kulia lina alama, kila siku anagonga ubao wa mlango, na kila siku anasema fundi aliupachika vibaya, mlango uliopachikwa kabla hujazaliwa! Wanafunzi wake wa zamani wakimsalimu wakitokea pembeni haitikii, mpaka maneno yamezagaa kuwa Mwalimu siku hizi ana maringo. Kakangu, maringo! Mbele anaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, tena bomba lenyewe lina moshi. Ya taa aliniambia mwaka jana, kwamba taa imevaa pete. Mimi nikadhani anatania.

Barua zako nasoma zote mimi. Ulipoandika habari za wale wazee wanaochelewa kwa kutotaka kuwasumbua watoto, niliishia katikati ya mstari. Yeye akasema, "Endelea, mbona umesimama?" Nikaendelea. Baadaye nilimkuta barazani anajifunika jicho moja kisha jingine, anapima.

Siku alipokupa kumi na moja hakula. Alisema amekuangusha mara mbili.

Mwanangu, hofu yake si kisu cha daktari. Hofu yake ni kwamba ukisikia utaacha mtihani uje, na wamekwambia mara mbili tu. Anahesabu siku kwa maharage kwenye bakuli, kila asubuhi anatoa moja. Leo yamebaki arobaini na mawili. Nikiyaona natamani kuyapika yote kwa mpigo.

Sasa nimesema. Fanya unavyojua, maana mimi hapa nilipo nimebaki na kiapo kilichovunjika na sufuria jikoni.

Shangazi yako, mwenye mdomo

*

Hosteli ya Wauguzi
14 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu ya bango, maneno machache kila ukurasa. Wenzangu wanadhani naandaa maandamano. Naomba uisome mwenyewe. Shangazi akae jikoni.

Najua kuhusu macho yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, kwa wino mwekundu. Ile karatasi ya pili ilikuwa mpya, Baba. Maswali mengine kabisa. Nakurudishia humu, uione.

Usimlaumu Shangazi. Nilimbana.

Sasa zamu yangu kuungama, na hili ni gumu kuliko lolote nililowahi kuandika.

Telegramu yako haikuniangusha. Mtihani ulikuwa Alhamisi. Telegramu ilifika Ijumaa mchana. Nilipoandika ule mtihani, nilijua Mama yuko nyumbani anaendelea vizuri. Nilikuwa nimekula, nimelala, sina wasiwasi. Nilianguka kwa sababu sikujua.

Ulipoanza kujilaumu pale msibani, niliona haya kusema kweli. Binti wa Mwalimu! Nikaacha huzuni ibebe aibu yangu. Nikadhani itapita. Kumbe wewe umeibeba mwaka mzima, na kwa ajili yake umenificha macho yako.

Nimekudanganya kwa kunyamaza, Baba. Nisamehe. Kila wiki uliyoningoja, jicho limelipia kosa langu.

Daktari mkuu atakuona Jumanne, tarehe ishirini na nane. Nimemwambia ni baba yangu. Amesema uje hata bila sanduku.

Sitaacha mtihani. Sitakuja nyumbani. Uje wewe.

Lakini nakuapia, na wewe unajua nilirithi ukaidi kwa nani: chumba cha mtihani siingii mpaka wewe uwe umeingia chumba cha daktari.

Maharage yaliyobaki mpe Shangazi ayapike.

Mwanao

*

Nyumbani
20 Mei

Mama,

Nasema mimi, anaandika shangazi yako. (Ninaandika kama anavyosema, ila akikosea nitamrekebisha. Shangazi.)

Barua yako niliisoma mwenyewe. Ilinichukua tangu chai ya asubuhi mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa nyumba. Nilipofika pale pa Ijumaa mchana niliiweka chini.

Nilikasirika. Sitakuficha. (Alipiga meza. Hakuipata vizuri, alipiga ukingo.) Mwaka mzima nimekaa na telegramu ile kifuani. Nilikuwa naiona nikila, naiona nikinawa. Kisha usingizi ukanichukua pale pale kitini, na nilipoamka nikagundua kitu cha ajabu, kwamba kifua ni chepesi. Mtoto wangu hakuangushwa na mimi. Aliangushwa na viunganishi, na viunganishi mimi naviweza.

Nimekusamehe. Ungeniambia ningekuchapa kwa kalamu kichwani, basi, yangeisha. (Na yeye angesema ya macho, ningemchapa kwa mwiko. Wote wawili mmefanana, mnafichana kama watoto walioiba sukari.)

Jana nilimwita yule muuza dawa, mwanafunzi wangu. Nikamwambia anisomee hiyo karatasi mpya, swali moja moja, na jibu ulilochagua. Hakuuliza kwa nini siisomi mwenyewe. Alivuta kiti upande wangu wa kushoto, ambako bado naona kidogo, kumbe alishajua siku nyingi.

Thelathini na sita, mama. Nilikupa kumi na moja, na wewe ulipata thelathini na sita.

Tunapanda basi Jumapili. Shangazi yako anakuja pia, anasema hospitali haziaminiki bila mtu wa kuzikaripia. (Kweli.) Nina woga, nalisema hapa kwa kuwa mkono unaoandika si wangu. Shika kichwa changu wewe, siyo mwingine.

Baba yako
(Na Shangazi. Maharage tumeyala.)

*

Hosteli ya Wauguzi
29 Julai

Baba,

Shikamoo. Herufi nimezikuza kidogo, si kama za maandamano.

Tangu mrudi nyumbani, kwenye kitanda chako namba tisa amelala mwalimu mwingine, wa hesabu. Hana maneno matamu kama yako na hamgombezi mtu. Wodi imepoa. Wauguzi wanamuulizia Shangazi kuliko wewe, nakwambia ukweli.

Matone yako weka kila jioni, hata ukijisikia mzima. Najua bado unaliwaza lile jicho la kulia. Daktari alikuambia mbele yangu kwamba lilikwisha kabla hujafika, nami nilikuwa nimekushika kichwa, sikuweza kufuta machozi yangu. Nataka ulijue hili: la kushoto, ungelichelewesha mwezi mmoja, lingefuata. Sasa mtoto wa jicho ametoka, presha imeshuka, na kilichobaki ni chako. Ni kidogo, pembeni hakuna, lakini ni chako.

Nilitaka kukuambia pia jinsi ilivyokuwa siku ya mtihani. Nilipewa meza ya dirishani. Nilikuona umekaa kwenye benchi la nje na bendeji yako, Shangazi kakushikia mwavuli wa jua, na kila baada ya muda unakohoa kile kikohozi cha darasani, cha kuniambia soma mpaka nukta. Msimamizi alitaka kukufukuza. Nikamwambia huyo ni mgonjwa wetu, hatakiwi kusogezwa. Nilipofika kwenye viunganishi nilianza kukimbia, ukakohoa, nikarudi mwanzo wa sentensi.

Matokeo yamebandikwa leo asubuhi. Sikusubiri kuvua glavu.

Nimefaulu, Baba. Kozi inaanza Septemba.

Niliikuta meza tupu, nikakaa nikalia kwa ajili yenu wawili, wewe na Mama, kwa pamoja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu mwaka jana. Ilinifaa.

Mwanao

*

Nyumbani
16 Agosti

Mama,

Marahaba.

Barua hii naandika mwenyewe. Shangazi yako yuko jikoni, anajifanya hachungulii.

Barua yako nayo niliisoma mwenyewe. Nilipofika kwenye neno la kufaulu nilisimama ghafla, nikagonga ubao wa mlango kwa bega lile lile. Safari hii sikumsingizia fundi. Nikatoka barazani nikamwita kila aliyepita, na wale wa pembeni nisiowaona shangazi yako akanigeuzia kichwa ili nao niwaambie. Wamesema maringo yangu yamepona.

Kulia hakuna kitu. Asubuhi bado nageuka upande ule kumtafuta mtu, namkuta hayupo. Nazoea. Kushoto napata dirisha dogo, linatosha neno moja na nusu kwa mara moja. Nikifika mwisho wa mstari napotea, ninashindwa kuupata mwanzo wa mstari unaofuata. Nimeweka rula chini ya kila mstari, naisogeza taratibu. Shangazi yako anasema kobe angeshamaliza gazeti.

Septemba ukianza, utakuwa unawashika vichwa watu wasiokuwa baba zako. Washike hivyo hivyo.

Sasa jambo la kazi. Nilikuwa na deni la kazi kwako, nikaona haya kukutakia masomo mema kabla sijalimaliza. Ile karatasi yako mpya ya maswali arobaini nimeikalia siku tisa, na rula. Maswali manne au matano kwa siku, asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Alama zangu za zamani nimezikata zote, nimeandika mpya. Utaiona ndani ya bahasha.

Muuza dawa alikuhesabia thelathini na sita. Ana moyo mwema, lakini namba kumi na tisa alikusaidia. Hukuipata. Ulikimbia, hukufika kwenye nukta.

Ni thelathini na tano, mama. Zote arobaini nimezisoma mwenyewe.

Baba yako,
Mwalimu Isipokuwa